Inapanda Manga?

Manga, Nyamira
16 Machi 1997

Kwa Mama Natasha,

Nakusalimu katika jina la Bwana aliyetufikisha leo. Huku hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo nadhani unalikumbuka kwa sababu ulilicheka siku ya harusi ya mdogo wetu. Mvua imeanza. Mahindi tumepanda. Ng'ombe mwekundu amezaa dume tena. Mume wangu Machogu amestaafu ualimu na sasa anawafundisha kuku nidhamu.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu miaka kumi na tisa umeolewa na ndugu yangu na bado hujui kusema "bwakire", salamu ya asubuhi ya kwetu, mtu akaitika. Na nakuandikia wewe kwa sababu Mathew nimemwandikia mara mbili tangu mwaka uanze, hajajibu. Ndugu yangu si mtu wa kukosa kujibu. Hata mama alipotutoka, wewe ukakosa kuja Marani kumzika, yeye alikuja, na akaniandikia kabla na baada. Basi najua barua zinapita mikononi mwa nani.

Sasa shida yangu. Krismasi Mathew aliniandikia habari za baiskeli za umeme kutoka Japani, zilizotumika, zinazoshushwa na kontena pale yadi anapofanya kazi. Alisema ukikanyaga, nayo inakanyaga pamoja nawe, kama mtu anayekusukuma mgongoni kwa upole. Nataka moja. Ni ya Machogu, ya kwenda mikutano ya ushirika wa kahawa. Tutalipa kidogo kidogo.

Mimi kazi yangu ya zahanati ya kanisa bado ipo kwa neema. Ila kamati imeleta sheria mpya: mfanyakazi akifika baada ya saa moja na nusu mara tatu kwa mwezi, nafasi yake apewe mwingine. Mwenyekiti, Mzee Nyangate, ana binti wa nduguye kule Kebirigo, jina lake Jemimah, na Jemimah hana goti bovu. Lakini hilo si lako. Baiskeli ni ya Machogu.

Mwambie Mathew achague yeye, si wewe.

Ni mimi Tryphosa, dada wa mume wako upende usipende.


Changamwe, Mombasa
22 Aprili 1997

Dada Tryphosa,

Salamu zimefika, na yaliyofungwa ndani yake pia yamefika. Hatujambo. Natasha yuko kidato cha pili. Mathew yupo, anakusalimu.

Marani sikuja kwa sababu mara ya mwisho mlinipa kigoda cha jikoni, mkaongea lugha yenu siku tatu mkinitazama na kucheka. Sikusoma sana lakini nilielewa.

Hutaki nichague, lakini mwenye kuuliza maswali ni mimi, basi jibu. Kwenda kazini, samahani, kwenda ushirika, ni kilomita ngapi? Mlima uko mwanzo wa njia au mwisho? Njia ni ya murram au ya miguu? Na stima iko wapi? Hizi si pikipiki. Usipokanyaga hazikanyagi. Ziko za magurudumu madogo, za watu wa mjini, rahisi kubeba ngazini, zikikutana na mawe zinaruka kama mbuzi. Ziko za magurudumu makubwa, nzito kama jiko la chuma, lakini zinatulia njiani. Betri inachomolewa, unaibeba kama mtoto, unaichaji kila siku. Ukiiacha tupu wiki mbili inakufa, na haifufuki mpaka Yesu arudi.

Swali la mwisho. Machogu hajawahi kuwahi mahali popote tangu nimjue. Nani anataka kupanda? Nikijua nitajua kama itafutwe yenye chuma cha juu au ile ya kuingia na sketi. Usinidanganye. Mungu wako anakuona hata siku zisizo Sabato.

Loice.


Manga, Nyamira
18 Mei 1997

Kwa Mama Natasha,

Amani ya Bwana, kama una mahali pa kuiweka. Kuku kumi wamekufa kwa kideri. Mvua ni nyingi, maharagwe yanaoza.

Ni mimi. Umefurahi? Kwetu mwanamke mtu mzima kupanda baiskeli ni kama kupanda paa la nyumba mumewe akiwa hai. Ndiyo maana nilimtaja Machogu, na Machogu mwenyewe alikubali nimtaje. Yeye hana shida. Alisema, "Tryphosa, mimi nimeshachekwa na wanafunzi miaka thelathini, nitashindwa na wazee wa kanisa?"

Mwezi huu nimechelewa mara mbili, na leo ni tarehe kumi na nane tu. Kutoka kwetu bondeni ni kilomita mbili za murram, kisha njia ya miguu katikati ya migomba, kisha mlima wenyewe wa Manga mpaka juu. Mlima uko mwisho, ndiyo, unaningoja nikiwa nimechoka. Muulize Mathew, anaujua. Ndio mlima aliokuwa akiapa utotoni kwamba ataupanda na baiskeli ya baba bila kushuka, tukienda kwa shangazi, na kila mara alishuka akilia kwa hasira. Kila Jumanne nabeba sanduku la chanjo kupeleka vijijini, mabegani, na barafu inayeyuka ikinidondokea mgongoni. Stima iko juu, kwenye kinu cha posho karibu na zahanati. Nitaiacha betri kinuni mchana, jioni nishuke nayo imeshiba, asubuhi inipandishe.

Hii kazi nimeifanya miaka kumi na sita. Watoto niliowashika wakizaliwa sasa wananiamkia njiani. Sijui kazi nyingine. Nikiondoka pale, mimi ni mke wa mtu anayefuga kuku waliokufa.

Sasa nijibu nawe. Kwa nini Mathew haandiki? "Yupo, anakusalimu." Hata kabati lipo.

Tryphosa.


Manga, Nyamira
29 Juni 1997

Kwa Mama Natasha,

Hatujambo, kwa neema, si kwa msaada wako.

Baiskeli ilifika Kisii juu ya basi, imefungwa magunia, Jitendra wa duka la spea akatuwekea. Tulipoifungua pale dukani mbele ya wateja wake nilitaka ardhi inimeze. Mathew aliandika "zilizotumika kidogo". Hii imetumika mpaka imezeeka. Rangi imekwaruzwa ubavuni. Kiti kimefungwa kitambaa cha kanga. Mpira wa usukani wa mkono wa kulia umelika mpaka kuna mashimo ya vidole, vidole vya mtu nisiyemjua. Umepita hapo yadi ukaokota kilichotupwa, ukasema, huyu wa bara atajua nini.

Hata hivyo sikuirudisha. Nikasema tuijaribu. Jumatatu nikaipeleka kinuni, nikachomeka chaja mbele ya watu kumi na watatu waliokuwa wakingoja unga. Ikasema pu! kama chura aliyekanyagwa, moshi ukatoka, stima ya kinu kizima ikazimika, mahindi ya watu yakabaki ndani ya mawe nusu unga nusu punje. Mama mmoja akasema, "Tryphosa, baiskeli yako inavuta sigara, na wewe ni Msabato." Wakacheka mpaka Mzee Nyangate akatoka nje kuangalia. Ulitaka hivyo. Umepata.

Asubuhi ile nilifika saa mbili kasorobo. Mara ya tatu. Kamati imenipa onyo la maandishi na mwezi mmoja wa kujirekebisha. Mwezi mmoja, Mama Natasha! Jemimah amekwisha kuja kuangalia chumba cha kupanga.

Na sasa nitasema lililo moyoni, Bwana anisamehe au asinisamehe. Ndugu yangu angechagua mwenyewe asingenitumia hii. Umemweka kizuizini. Umemfunga mdomo asinene nami, umemfunga mkono asiniandikie. Mwanamke anayemfunga mwanamume mkono wake, Mungu atamfunga wake.

Tryphosa.


Manga, Nyamira
14 Septemba 1997

Kwa Mama Natasha,

Miezi miwili na nusu hujajibu. Sawa. Nilikuwa nimeapa sitaandika tena mpaka Mathew aandike, lakini Machogu anasema kitu kikipona mtu amwambie aliyemwambia kwamba kinaumwa. Basi nakuambia. Mahindi tumevuna, gunia nane. Goti liko vile vile.

Chaja nilikwenda nayo Kisii kwa Jitendra. Akamwita mwanawe Urvish, yule anayetengeneza redio nyuma ya duka. Urvish akaigeuza, akainusa, akacheka.

"Mama, hii kwao imezoea volti mia moja. Wewe umeipa mia mbili na arobaini. Ni kama kumnywesha mtoto uji kwa bomba la kuoshea lori."

Jitendra akaniuliza, "Aliyekutumia hakukuambia?"

Nikamuuliza bei ya kutengeneza.

Kumbe kilichoungua ni fyuzi na kidude kingine kidogo kama punje ya njegere. Urvish akabadilisha, akanitafutia transfoma iliyotoka kwenye redio kubwa ya marehemu babu yake, akaandika kwa kalamu nyekundu juu yake: HII KWANZA. Sasa nachomeka transfoma ukutani, chaja ndani ya transfoma, betri ndani ya chaja, na mwenye kinu ananisimamia kama askari.

Kupanda nilijifunza uwanja wa shule, siku za Jumapili, Machogu ameshika kiti nyuma. Miaka ishirini na sita ya ndoa hajawahi kukimbia kwa ajili yangu. Alikimbia. Nilianguka mara nne, mara moja juu yake. Halafu Jumapili ya tatu nikakanyaga, na nikasikia ule mkono mgongoni. Ni kama Mathew alivyosema, kwa upole. Nikageuka nimwambie Machogu aache kunisukuma, nikamwona yuko mbali, amekaa chini kwenye nyasi, anahema.

Njia ya miguu inapitika kama hakuna matope. Nimejifunza kutokushika breki ya mbele kwenye majani ya migomba yaliyolowa. Sanduku la chanjo sasa linakaa kwenye keria na barafu inafika ikiwa barafu. Tangu tarehe nne Agosti sijachelewa hata siku moja. Kamati ilikaa, ikaangalia daftari la kufika, ikatafuta kosa. Mzee Nyangate akasimama kanisani, akasema wako akina mama wazima wanaopita juu ya magurudumu, sketi zikipepea kama bendera ya chama. Machogu akainuka pale pale. "Mwenyekiti," akasema, "mimi nikipita huwa naangalia njia. Wewe huwa unaangalia nini?" Kanisa lilicheka mpaka mchungaji akatoa wimbo bila namba.

Lakini bado ananitafuta. Ameongeza neno: nikichelewa hata mara moja kabla ya mwaka kuisha, nimetoka.

Sijui kwa nini nakusimulia wewe haya. Ningekuwa na mtu mwingine anayeijua hii baiskeli ningemsimulia huyo.

Tryphosa.


Changamwe, Mombasa
19 Oktoba 1997

Bi. Tryphosa,

Salamu sina.

Nilikuandikia tarehe tisa Juni, na unajua niliandika nini. Ilinichukua siku mbili kuiandika barua ile. Ukanijibu kwamba nimemfunga mkono. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi nikitafuta kama ina maana nyingine. Nikamwonyesha hata padri wetu, huenda ni msemo wa kwenu. Haina maana nyingine.

Nikanyamaza. Septemba ukaniandikia habari za sketi na unga, bila kuuliza kwa neno moja anaendeleaje. Shetani angeuliza.

Nenda na baiskeli yako. Usituandikie tena.

L. Mkamburi.


[Barua ya tarehe tisa Juni, iliyofunguliwa tarehe saba Desemba]

Changamwe, Mombasa
9 Juni 1997

Dada Tryphosa,

Shikamoo dada yangu. Natumaini mko wazima, na Machogu, na kuku waliobaki. Leo sitagombana na wewe. Sina nguvu, na Mathew amenikataza.

Baiskeli imepanda basi juzi. Utaiona imekwaruzwa na utakasirika, basi nikueleze kabla. Si ya yadi. Ni ya Mathew mwenyewe.

Aliinunua Agosti mwaka jana. Zilishuka saba kwenye kontena moja. Alizikagua wiki nzima kama mtu anayetafuta mke. Kulikuwa na mpya kabisa ya rangi ya fedha, mimi niliipenda hiyo. Akanifundisha: "Usitazame rangi, Loice. Tazama betri imekaaje." Ile ya fedha ilikuwa imeachwa tupu miezi, betri imekufa ndani ya uzuri wake. Hii yenye mikwaruzo alizunguka nayo yadi mara arobaini, jioni ikawa bado ina nguvu. Akachukua hii. Akaenda nayo kazini kila siku miezi mitano, akirudi anaipangusa kabla hajanisalimia. Mpira wa kulia ameula yeye, kwa kushika kwa nguvu penye daraja la Makupa, akiogopa malori. Kitambaa cha kanga nilikifunga mimi.

Tarehe kumi na tisa Januari alianguka bafuni. Ni kiharusi. Upande wa kulia wote, mkono, mguu, na mdomo. Akili yake iko sawa, dada, anaelewa kila kitu, lakini maneno yanatoka yamevunjika. Mkono wa kuandikia hauna kazi. Ndiyo maana haandiki. Barua zako mbili nilimsomea, akanikataza kujibu.

Amenikataza kuwaambia. Anasema mkijua mtakuja na gari kumchukua, na Marani hana nyumba. "Mwanamume akirudi kwao mgonjwa bila nyumba analazwa wapi? Jikoni kwa mdogo wake?" Aliyasema hayo kwa nusu saa, neno moja moja. Ningekuwa mimi ndiye nimemzuia kujenga, kama mnavyosema, ningekubali. Lakini ni yeye kila mwaka alisema mwaka ujao.

Nilitaka kuiuza baiskeli, tupate pesa za mazoezi ya mguu. Ilikuwa imesimama ukumbini. Nilipomsomea barua yako ya Mei, ikafika pale pa ule mlima, akaanza kupiga kiti cha baiskeli kwa mkono wa kushoto. Anapiga, ananitazama, anapiga. Nikamwambia, Tryphosa hanipendi. Akapiga tena. Basi imekuja. Hakuna cha kulipa.

Nakuambia haya kinyume cha amri yake kwa sababu nimechoka kubeba peke yangu, na ndugu zangu wa Taita si wa kumlilia mtu wa Marani. Nihifadhie siri. Niandikie tu kwamba umesikia.

Jambo muhimu: chaja ni ya volti mia moja. USIICHOMEKE ukutani moja kwa moja. Tafuta transfoma kwanza.

Wifi yako,
Loice.


Manga, Nyamira
7 Desemba 1997

Loice,

Barua hii haina salamu kwa sababu sijui niziweke wapi.

Yako ya Oktoba imefika juzi, mafuriko yamekata barabara na posta ilikuwa haina hata gunia moja. Nilipoona "tarehe tisa Juni" nilijua unasema barua ipi. Kwa sababu barua yako ya Juni ilifika. Nilikuwa nayo. Sikuifungua.

Niliipokea siku ile ile ya baiskeli. Nilikuwa nimeona ule mpira ulioliwa, nimekwisha kuwaka, halafu nikaona mwandiko kwenye bahasha ni wako, si wa Mathew. Nikasema sitasoma maneno ya huyu mwanamke mpaka ndugu yangu aandike kwa mkono wake. Nikaitia ndani ya kitabu cha nyimbo, mwishoni, nyuma ya nyimbo za mazishi ambazo haziimbwi mara kwa mara. Chaja ilipoungua nilijua huenda uliandika humo. Jitendra aliponiuliza nilijua. Bado sikuifungua, kwa sababu ningeifungua ningekuwa nimekosea, na mimi sikuwa tayari kukosea kwako.

Sabato ishirini na tano nimesimama nikiimba, na wewe uko mkononi mwangu unaniambia ndugu yangu ameanguka.

Nimesoma leo, nimekaa kwenye ngazi ya zahanati. Ile sentensi ya mkono niliyokuandikia siwezi kuirudia hapa. Nimeiungama kwa Bwana, lakini Bwana siye niliyemwandikia. Niliandika bila kujua. Lakini niliandika nikitaka ikuchome, hilo nilijua.

Niambie yuko hai. Sijamwambia mtu ila Machogu. Nije? Wanasema barabara ya Mombasa imekatwa na maji. Nitakuja hata kama imekatwa.

Tryphosa.


Changamwe, Mombasa
11 Januari 1998

Tryphosa,

Yuko hai. Anasimama na fimbo dakika tano.

Sijakusamehe. Nakuambia mapema usije ukafikiri kwa kuwa nimejibu yamekwisha. Miezi sita nilikuwa nikimwogesha mwanamume mzima, nikifuta mate, huku sentensi yako imekaa kwenye droo ya jikoni na vijiko. Kuiacha barua bila kuisoma si kosa dogo kuliko kuisoma ukajibu vile. Sijui lipi kubwa. Nitafikiri.

Usije kumchukua. Ukija na gari la watu wa Marani nitafunga mlango, nami natoka kwenye watu wa milimani pia, tunajua kufunga milango. Ukija peke yako, ni jambo lingine. Lakini barabara bado mbaya, na kazi yako uliyoipigania namna ile, kaa nayo.

Barua yako ya Septemba sikumsomea wakati ule. Nilikuwa na hasira. Nimemsomea wiki iliyopita. Palipo na Machogu ameketi kwenye nyasi anahema, Mathew alicheka. Kicheko kinatoka upande mmoja tu, lakini ni kicheko, sijakisikia tangu aanguke. Nimesoma mara nne. Ile ya sigara pia nikaitafuta barua nikasoma, nikiruka mwisho wake.

Halafu akaomba kalamu. Mkono wa kushoto. Alikaa nayo tangu chai ya saa nne mpaka Natasha aliporudi kutoka dukani kwa unga wa mchana. Nimekiambatanisha kikaratasi chake. Mimi sikumsaidia hata herufi.

Loice.

INAPANDA MANGA?


Manga, Nyamira
22 Februari 1998

Wifi yangu Loice,

Bwakire. Jifunze kuitika: unasema "bwakire buya". Si ngumu.

Salamu za Machogu, na za mdogo wetu wa Marani. Nisamehe, huyo nimemwambia, sikuweza kumwomba nguzo bila kumwambia ni za nini. Amekata miti kumi na minne. Tunawajengea vyumba viwili, upande wa juu wa kaburi la mama, na tumemwagiza fundi aache mlango mpana, mtu na fimbo yake na mke wake wapite pamoja. Hatuji na gari. Nyumba itamngoja hata akija kwa miguu yake miaka kumi ijayo. Na humo ndani utakalia kiti cha sebuleni. Nimesema mbele ya watu.

Mwaka ulikwisha sijachelewa. Mzee Nyangate mwenyewe ameniomba aijaribu baiskeli, akaingia mtaroni pale pale mbele ya kinu, na sasa hasemi habari za sketi. Nimeomba ruhusa ya wiki mbili baada ya Pasaka nije kwenu, peke yangu. Akasema, "Jemimah atakushikia nafasi. Lakini akikaa wiki mbili, Tryphosa, huenda asitoke." Nimemwambia akae. Nimemwonyesha mahali dawa za akina mama zilipo, na transfoma, HII KWANZA. Ni msichana mzuri, anasikia. Nikirudi nikamkuta kitini, basi.

Usinisamehe haraka kwa sababu ya haya. Chukua muda wako. Na usinipikie samaki wasio na magamba, unajua siwali.

Yaliyobaki msomee Mathew.

Mathew ndugu yangu, haipandi. Nisingependa kukudanganya, kwetu tumefichana vya kutosha. Inapanda vizuri murram yote, na migombani, na nusu ya mlima, mpaka lile jiwe jeupe ulipokuwa ukishuka wewe ukilia. Hapo hapo. Betri inaishiwa pumzi, mgongoni napasikia pamepoa, nami nashuka. Kila asubuhi nashuka penye jiwe lako.

Halafu naishika. Mkono wangu wa kulia unaingia kwenye yale mashimo ya vidole, yananitosha kabisa, na tunasukuma mpaka juu. Saa moja na robo tumefika.

Dada yako,
Tryphosa.